Wanasema mzee atolewe, na mzee huyo ni baba yangu

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 33, naishi Tanga. Mchana nipo stationeri: nachapa barua za watu, natoa kopi, nalamineti vyeti. Usiku watoto wakishalala naandika komedi. Ni mwaka wa pili sasa naandika kipindi nilichokiita "Chumba Namba Nne". Ni nyumba ya kupanga pale Ngamiani, vyumba sita, choo kimoja, LUKU moja, yaani mita ya umeme wa kununua tokeni. Kila mtu anachangia umeme na kila mtu anaamini mwenzake ndiye anayeumaliza. Yupo Mama Barafu na friji yake, yupo kijana fundi simu anayechaji simu za mtaa mzima, yupo mwalimu anayepiga pasi mpaka soksi, na yupo Mzee Kibwana, mwenye nyumba, chumba cha mbele.

Mzee Kibwana ni baba yangu. Alifariki mwaka juzi. Jina nimebadilisha, mtu ni yuleyule.

Episodi ya kwanza ina kurasa 58, wahusika 14 na lokesheni tisa. Nimeipeleka sehemu tatu. Kituo cha televisheni kilinijibu mistari miwili: asante kwa kazi yako, kwa sasa haiendani na mahitaji yetu. Wiki nzima sikufungua kompyuta. Sehemu ya pili prodyuza alinipigia simu, mpole kabisa, akasema mwanzo umemfurahisha ila baada ya ukurasa wa ishirini inapoa, nitie mapenzi, mwalimu ampende Mama Barafu. Wa tatu ni mwongozaji, huyu alisoma yote, akaandika: watu wengi, lokesheni nyingi, "na yule mzee anahutubia, mtoe".

Shangazi, hapo roho iliniuma kama napewa habari ya msiba upya. Rafiki yangu anayeigiza kwenye kikundi anasema kazi ni safi, wale wana wivu na watu wa mikoani. Kaka yangu anasema niachane na mambo ya kitoto. Mume wangu hasemi kitu, na hilo nalo linaniuma.

Nakuwekea kipande uone. Umeme umekatika usiku, wote wapo uani.

MAMA BARAFU: Nani kamaliza umeme? Barafu zangu zitayeyuka!
FUNDI: Si mimi.
MWALIMU: Wala si mimi. Mimi nina taa moja tu.
MZEE KIBWANA (anatoka ndani): Wanangu, umeme ni kama undugu. Ukitumia bila kumjali mwenzio, nyote mtabaki gizani. Leo nitanunua mimi.
(Wote wanainamisha vichwa.)

Baba alikuwa mtu wa watu hivyo hivyo, ingawa nyumbani tulicheka naye sana (saa nne kamili anazima meni swichi, karatasi ya tokeni anaificha ndani ya kofia, na alikuwa na daftari anaandika kila mpangaji aliyepiga pasi). Hayo sikuyatia, nisije nikamvunjia heshima.

Sasa yule prodyuza karudi. Kampuni yake itanipa laki tatu ichukue wazo, waandike na watu wao. Nisaini kabla ya mwisho wa mwezi. Nimtoe mzee? Niuze? Nirekodi mwenyewe kwa simu niweke mtandaoni? Au nikubali tu kwamba sina kipaji?

Chumba Namba Nne, Tanga

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kufiwa.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Unauliza kama unajua kuandika. Unauliza umsikilize nani kati ya watu wanaovutana. Unauliza habari ya laki tatu. Na chini ya yote hayo unauliza kama kumgusa Mzee Kibwana ni kumzika baba mara ya pili. Hilo la mwisho ndilo linaloyafanya mengine yawe mazito, kwa hiyo naliacha kwanza, nitalirudia.

Ile mistari miwili ya kituo umeipa uzito ambao haina. Haijasema huchekeshi. Haijasema chochote. Kipindi cha nusu saa, ukitoa matangazo, kinabaki dakika 22 mpaka 25 hivi. Kwa muundo wa kawaida wa skripti, ukurasa mmoja ni kama dakika moja ya kutazama, na komedi ya majibizano huenda mbio zaidi kidogo. Kwa hiyo wanategemea kurasa 25 mpaka 32. Wewe umepeleka 58, yaani episodi mbili ndani ya bahasha moja. Kikosi kidogo kinapiga kurasa tano mpaka nane kwa siku. Skripti yako ni zaidi ya wiki nzima ya kazi kwa episodi moja, waigizaji 14 wa kulipwa na kulishwa, kuhamisha vyombo mara nane, na usiku unaohitaji taa na jenereta. Inawezekana mtu alicheka peke yake ofisini, kisha akashika kikokotoo, akaiweka kando. Inawezekana pia hakufika ukurasa wa kumi. Huwezi kujua, na kwa kuwa huwezi kujua, barua ile haiwezi kuwa cheti cha kipaji chako, kiwe cha kufaulu wala cha kufeli.

Rafiki yako anakupenda, na huenda kweli wapo wasiotazama kazi za mikoani. Tatizo la maelezo yake ni kwamba ukiyashika hakuna ukurasa utakaoweza kuurekebisha. Mimi nami sitakupa zile hadithi za vipindi vilivyokataliwa mara kumi kisha vikatamba. Vilivyokataliwa na kufa kwa haki ni vingi zaidi, ila hakuna anayevisimulia.

Tuje kwenye maoni. Unayaona yanavutana: mmoja inapoa, tia mapenzi, mwingine toa mzee. Msomaji wa skripti ni kama mgonjwa kwa daktari: akisema panauma hapa, mwamini, akijiandikia na dawa, mpime. Chukua karatasi uichore safu tatu. Ya kwanza andika maneno yao kama walivyoyasema, bila kuyapamba wala kuyakasirikia. Ya pili, ukurasa gani. Ya tatu, dawa waliyopendekeza, halafu hiyo safu ya tatu ikunje nyuma kwa siku chache. Ukurasa usipoujua, uliza. Mwongozaji aliyesoma kurasa 58 za mtu asiyemjua amekupa saa nzima ya maisha yake. Mwandikie sentensi mbili bila kujitetea: "Asante kwa kusoma yote. Ni ukurasa wa ngapi ulipoanza kuona mzee anahutubia?" Wengine hawajibu. Wakijibu, umepata dhahabu.

Nabahatisha, lakini nadhani atataja palepale prodyuza alipoanza kuona baridi. Kitazame kipande chako. Umeme umekatika, barafu inayeyuka, kuna watuhumiwa watatu gizani. Hiyo ni komedi tayari. Kabla hata mmoja hajadanganya, hajamsingizia mwenzake, hajaficha waya wa chaja, Mzee anatoka na kulipa. Mchezo umekwisha. Wote wameinamisha vichwa, na mtu aliyeinamisha kichwa hana la kufanya kwenye sini inayofuata. Ndiyo maana inapoa. Ndiyo maana wa tatu anasikia hotuba. Na yule wa mapenzi, nadhani alikuwa na kiu ya kuona mtu mmoja tu anayetaka kitu kwa nguvu, akataja kitu cha kwanza kilichomjia. Wameoneshea shimo moja, kila mtu kwa upande wake.

Kuna dogo jingine. Ziba majina kwa kiganja usome tena: "Si mimi." "Wala si mimi." Nani fundi, nani mwalimu? Fundi simu angejibu kwa asilimia za betri. Mwalimu angeuliza swali lijibiwe kwa sentensi kamili. Hilo linarekebishika kwa jioni mbili.

Sasa Mzee. Mwanangu, ulichokiweka kwenye mabano kinachekesha kuliko ulichokiweka kwenye skripti. Kofia. Daftari. Meni swichi saa nne kamili. Nimejaribu kukipanga, si kwa ajili ya kukitumia, ni ili tukitazame pamoja.

MAMA BARAFU: Mzee, tokeni tulinunua jana.
MZEE KIBWANA: Ipo.
MAMA BARAFU: Ipo wapi?
MZEE KIBWANA: Mahali salama.
(Fundi anamulika kofia kwa simu. Mzee anaishika kwa mikono miwili.)
MZEE KIBWANA (anafungua daftari): Tangu Jumatatu, Mwalimu, pasi mara kumi na moja. Soksi zimo.
MWALIMU: Soksi sipigi pasi!
MZEE KIBWANA (anaandika): Kumi na mbili. Na hiyo ya uongo.
MAMA BARAFU: Tusomee namba, Mzee, barafu zinakuwa maji!
MZEE KIBWANA: Tarakimu ishirini. Nasoma kumi. Kumi zingine Mwalimu akishalipa.

Hajahutubia hata sentensi moja na ua mzima upo mkononi mwake. Anataka haki, anaitafuta kwa njia inayowatesa wote, na kesho ataamka vilevile. Mhusika wa komedi ya namna hii hapaswi kupona. Akipona episodi ya kwanza, ya pili utaandika nini? Jaribu kipimo hiki: andika sentensi moja moja ya episodi nane. Kama Mzee analipa kila umeme ukikatika, nadhani utakwama ya tatu. Kama tokeni ipo kofiani, nadhani zitakuja zenyewe. Vituo vingi vitakuomba orodha hiyo hata hivyo, pamoja na ukurasa mmoja wa kueleza kipindi, kwa hiyo kazi haipotei.

Je, huko ni kumvunjia heshima? Hapo siwezi kukuamulia, siijui familia yenu. Ila nimeona neno lako: mlicheka naye. Hukusema mlimcheka. Nakuuliza tu taratibu: yule anayetoka ndani na methali mdomoni, ni baba yako, au ni baba kama tunavyomtaja siku ya arobaini? Huenda mwongozaji hakumkataa baba. Huenda hajawahi kumwona.

Bado ipo hatari, na usiipuuze. Kubadilisha jina hakutoshi. Mtaa unaijua nyumba ile na daftari lile. Mama yako akiikuta kwenye televisheni kwa jirani bila kuambiwa, hata sifa itamuuma. Msomee ile sini kabla hujaituma popote, wewe na yeye, mkiwa wawili. Akinyamaza, rudi siku nyingine. Unaweza pia kumchanganya: kofia iwe ya baba, ubahili uazime kwa mtu mwingine, kazi na kabila ubadilishe. Wahusika wengi wazuri ni mchanganyiko wa watu watatu.

Na kama moyo hauruhusu kumpa kasoro, kumtoa nako si usaliti. Huenda hii siyo kazi yake. Mwandikie yake, mchezo wa redio au hadithi fupi, atoke vile unavyotaka, na nyumba hii uipe mwenye nyumba mwingine. Njia ya kati ni kumfanya asiyeonekana: anaishi Pangani, anapiga simu kila saa nne usiku, daftari limeachwa kwa mpangaji mmoja na wote wanamwogopa huyo. Inapunguza mwigizaji mmoja. Ubaya wake, mtu asiyeonekana ni rahisi kumgeuza fimbo: kila unapokwama, simu inaita.

Kabla ya kuamua lolote kati ya haya, sikia skripti kwa masikio. Ipunguze kwanza mpaka kurasa 30, ua na vyumba viwili, watu sita. Omba kikundi cha rafiki yako wakusomee kwa sauti, mkeka mmoja, mchana mmoja. Kopi zipo kazini kwako, lipia, usije ukakosana na bosi. Wewe usisome nafasi yoyote. Mtu mmoja asome maelekezo tu. Weka simu katikati irekodi, na kopi yako iwe na pambizo pana: chora mstari mahali wanapocheka, duara mahali mtu anapochungulia simu yake. Andika saa ya kuanza na ya kumaliza. Wakikosea, usifafanue, wakiuliza maana yake, hapo pana tatizo. Mwisho usiulize "mmependa?" Uliza: kila mtu anataka nini? Wapi ulitaka kuacha? Nani umeshamsahau? Soda zije baada ya majibu, maana aliyekunywa soda yako hasemi kweli. Na jihadhari: mwigizaji mzuri anaweza kukuchekesha kwa mstari mbovu kwa kutoa macho tu. Ukisikiliza rekodi siku ya pili, bila sura zao, utajua kicheko ni cha nani.

Laki tatu. Si hela ya kudharau, na kampuni kuandika na watu wake si wizi, ndivyo vipindi vingi vinavyotengenezwa. Lakini tazama neno "wazo". Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi iliyoandikwa, hailindi wazo tupu. Nyumba yenye LUKU moja haina mwenyewe, mtu yeyote anaweza kuiandika kesho. Skripti yako, maneno yake na watu wake ulivyowachora, ni vyako tangu ulipoandika, na ukisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, unapata ushahidi wa tarehe. Basi kwa nini alipie kitu anachoweza kukichukua bure? Labda ni muungwana. Labda mkataba una zaidi ya wazo. Usome, au usomewe na wakili, ukitafuta haya: wanachukua skripti na wahusika? Jina lako litaandikwa mwanzoni au mwishoni mwa kipindi? Kipindi kikiendelea episodi ishirini, kuna chochote? Wasipokipiga ndani ya mwaka mmoja na nusu, haki zinarudi kwako? Kama wahusika wamo na hakuna pa kurudi, basi siku utakayotaka kumwandika Mzee Kibwana kwa namna yoyote, itabidi uombe ruhusa kwao. Huenda uko radhi. Ujue tu kabla ya kalamu.

Unaweza kuomba kitu kingine: wakulipe pungufu wakishikilie miezi kumi na miwili bila kukinunua, au uwe mmoja wa waandishi hata kwa episodi mbili. Wanaweza kukataa na kuondoka, ndiyo hatari yenyewe. Tarehe ya mwisho wa mwezi nayo ni yao. Waandikie kwamba unahitaji wiki mbili mkataba usomwe, uone wanajibuje.

Kurekodi mwenyewe kunawezekana ukianza na dakika tatu, sehemu moja, watu watatu. Picha ya simu itakutosha, sauti ndiyo itakuangusha: uani kuna kuku, bodaboda na mwangwi wa bati. Ficha simu ya pili karibu na wasemaji, chini ya kanga, irekodi sauti peke yake. Sini ya usiku ipige magharibi, giza halijashika. Ulizia Bodi ya Filamu na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kuhusu vibali kwanza. Kituo kingine kikiona tayari ipo mtandaoni kinaweza kusema imechuja. Kingine kitasema afadhali, tumeona inachekesha.

Mume wako asiyesema kitu, umewahi kumpa asome? Hukuandika. Mpe ile nafasi ya kusoma maelekezo siku ya mkeka.

Na lile daftari, lipo wapi sasa? Kama mama bado analo, omba ulipige picha ukurasa kwa ukurasa kabla mchwa hawajalifikia, uniandikie tena uniambie mpangaji gani aliongoza kwa pasi.

Shangazi yako